Kabla Hujagusa Skima ya Active Directory

Kuna kijana kaniandikia wiki hii. Ofisini kwao wanataka namba ya NIDA ya kila mfanyakazi iingie kwenye Active Directory, yaani daftari la Microsoft la akaunti za watumiaji na kompyuta za ofisi, na bosi anataka kazi iishe Ijumaa. Anaomba amri za kuandika. Mdogo wangu, amri ni jambo la mwisho kabisa.

Kazi kama hiyo tumeimaliza juzi juzi hapa kwetu, na najivunia jinsi ilivyokaa. Ila kabla ya kufika hapo niliambiwa maneno. Aliletwa mshauri wa kulipwa, mchoro wake tayari mkononi: atributi mpya (nafasi ya kuhifadhi taarifa moja ya mtumiaji), aina Integer (namba nzima), kwa kuwa "ni namba". Nikanyoosha mkono nikasema haiwezekani. Nikajibiwa mbele ya wakubwa kwamba watu wa mitandao tuhangaike na printa. Bado linaniuma.

Sikubishana. Nilikwenda kwenye seva ya majaribio, nikaunda atributi vile vile alivyochora, nikaingiza namba yangu mwenyewe. Ikakataa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20: 8 za tarehe ya kuzaliwa, halafu 5, 5 na 2. Integer inakomea 2,147,483,647, na hata Large Integer haifiki tarakimu 20. Namba usiyoijumlisha wala kuitoa ihifadhi kama maandishi, yaani Unicode String. Niliwaonyesha skrini, kikao kikaisha mapema.

Kwa nini nilikazana hivyo? Kwa sababu kwenye skima, yaani ramani ya taarifa ambazo Active Directory inaweza kuhifadhi, hakuna kurudi nyuma. Atributi ikishaundwa, aina yake haibadiliki, wala huwezi kuigeuza kutoka thamani moja kuwa nyingi. Kuifuta nako hakuna. Unaizima tu, inabaki humo humo. Tena mabadiliko unayafanya kwenye seva moja tu, yenye jukumu la Schema Master, lakini yanasambaa hadi domeni kontrola (seva inayotunza nakala ya Active Directory) ya mwisho kwenye foresti, yaani mfumo mzima wa Active Directory wa taasisi. Kosa la makao makuu linafika tawi la Mbeya bila kuuliza.

OID, yaani namba ya kipekee inayotambulisha atributi, usinakili kutoka kwenye mfano wa mtu. Omba namba ya taasisi yako IANA, shirika linalogawa namba za intaneti duniani, ni bure, unapewa tawi lako chini ya 1.3.6.1.4.1. Jina la atributi lianze na kifupi cha taasisi, lisije likagongana na la programu mtakayonunua kesho. Na usiibandike moja kwa moja kwenye klasi ya user, kiolezo cha akaunti zote za watumiaji. Unda klasi saidizi, yaani kifurushi cha atributi zako, uiambatanishe na user.

Wapo watakaokwambia tumia extensionAttribute1 hadi 15 zinazokuja na Exchange (mfumo wa barua pepe wa Microsoft), usijisumbue. Kwa jina la mradi au namba ya chumba, sawa. Kwa NIDA nakataa, kwa sababu kwa kawaida kila mwenye akaunti ya domeni anaweza kuzisoma. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kama isingekuwepo, namba ya mwenzako si ya kuachwa wazi. Kwenye atributi yako mwenyewe unaweka mpangilio wa searchFlags kuwa 128, inakuwa ya siri. Ukitaka na faharasa ya kutafutia, weka 129. Nilipojaribu kwa akaunti ya mtumishi wa kawaida, jina lilitoka, simu ikatoka, cheo kikatoka. NIDA haikuonekana. Wanaoiona ni wa kundi la utumishi tulilolipa ruhusa hiyo, pamoja na wasimamizi wa domeni, ambao hilo halizuii kitu kwao, kwa hiyo wawe wachache.

Vijana tuna haraka ya kuonekana tunaweza. Tulia. Mwambie bosi Ijumaa atapata karatasi yenye aina ya atributi, OID, na orodha ya watakaoisoma, asaini. Wiki inayofuata fanya majaribio, hakikisha seva zote zinapokeana taarifa bila hitilafu na bekapu ipo. Ndipo ujiingize Schema Admins, kundi lenye ruhusa ya kubadili skima, na ukimaliza jitoe siku hiyo hiyo. Kundi hilo hukaa tupu.