Faili mbili za kesi ya fidia

Wewe unayeanza kazi katika ofisi ya wakili hapa Malindi, kesi za fidia ya ardhi hutazikosa: shamba limepitiwa na barabara, mikorosho imekatwa, mwenyewe analia kwamba alicholipwa hakifiki bei. Nakuomba, mteja akishakaa tu, fungua faili mbili. Moja ya ushahidi, moja ya mazungumzo ya suluhu. Karatasi ya huku isiingie kule.

Hili nilijifunza kwa uchungu. Tulikuwa na mteja, mzee mkulima wa upande wa Hindi kule Lamu, aliyedai shilingi milioni 5. Kwenye mapatano akashuka hadi milioni 3, si kwa kuwa shamba lilipungua thamani bali mjukuu alifukuzwa shule kwa karo. Barua ya kushuka niliiandika mimi, na juu yake sikuweka neno lolote la kuilinda. Mazungumzo yakavunjika. Baadaye nafungua hati ya kiapo ya upande wa pili, naiona barua yangu imeambatishwa, mstari wa milioni 3 umepigiwa kalamu. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, si tulikuwa tunapatana tu?"

Swali lake lina jibu katika kifungu cha 23 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80. Katika kesi za madai, mtu alichokikiri hakitolewi ushahidi ikiwa alikikiri kwa sharti la wazi kwamba kisitolewe, au ikiwa mazingira yanaonyesha pande zote zilielewana hivyo. Wakili wetu aliishika hiyo sehemu ya pili, na barua ikaondolewa. Lakini jaji alikuwa ameshaisoma.

Kwa hiyo barua ya mapatano ianze na maneno "Bila kuathiri haki", yaani yaliyomo yasitolewe ushahidi dhidi ya aliyeyaandika. Usiyafanye hirizi, hata hivyo. Mahakama hutazama kama kweli palikuwa na mgogoro na watu walikuwa wakitafuta kuumaliza. Hati ya shamba au ripoti ya mthamini nayo haigeuki siri kwa sababu iliwekwa kwenye meza ya mazungumzo.

Panaponitia hofu zaidi ni kikao cha uchunguzi wa fidia cha Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kile cha kifungu cha 112 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Wateja hukiendea kama kikao cha wazee cha kupatanisha. Sicho. Madai hupelekwa kwa maandishi, tume ina uwezo wa kuita mashahidi, na tuzo, yaani uamuzi wa kiasi cha fidia, hufuata baada ya hapo. Mtu akitaja bei ya chini ili aonekane muungwana, imeshaandikwa. Mwandae kabla hajaingia.

Lamu, ofa ya asubuhi hufika barazani kabla ya alasiri. Mwombe mteja asitaje kiasi hata kwa jirani. Na akiwepo mzee wa mtaa kusuluhisha, isemwe mwanzoni mbele ya wote kwamba haya ni mapatano na hayatapelekwa mahakamani, iandikwe kwenye muhtasari, watie sahihi.

Wakikubaliana, usiiache barua ile ndiyo iwe mkataba. Chukua karatasi mpya isiyo na "Bila kuathiri haki": kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya malipo, sahihi za pande zote, kisha makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yawe amri. Nakala mpe mzee mkononi kabla hajapanda basi.