Kabla Hujachukua Mkopo wa Kusomea Uchanganuzi wa Biashara

Jumatatu iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Nakuru ambaye ni mhasibu katika duka la pembejeo za kilimo. Aliuliza mambo mawili kwa pumzi moja: je, shahada ya uzamili katika uchanganuzi wa biashara, yaani kutumia data kufanya maamuzi ya biashara, inalipa, na je, achukue mkopo wa sacco ili aanze masomo Septemba? Nilimwandikia mistari mitatu nikaifuta, nikaandika ukurasa mzima nikaufuta pia, kwa sababu jibu langu la kweli lina aibu ndani yake, na mambo ya aibu hayaelezeki kwa ufupi. Nilimtumia ombi moja tu, nitakalolitaja mwishoni; jibu lenyewe nimeamua kumpa hapa, ili na ninyi wengine mnaoniuliza swali hilo hilo kila muhula unapokaribia mlipate jibu mara moja.

Nilipoanza masomo hayo nilikuwa karani wa ankara katika duka la jumla hapa Kisumu, hatua chache kutoka soko la Kibuye. Tuliwauzia kwa deni wenye maduka madogo wa Ahero, Maseno, Luanda, Bondo na vijiji vilivyo kati yake: unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, kiberiti. Kwa miaka sita nilikuwa nimeingiza ankara hizo kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba kilichonizuia kupanda cheo ni karatasi tu. Nikaomba mkopo, nikatafuta wadhamini watatu, mmoja wao akiwa mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu (na sitaeleza jinsi alivyonikumbusha jambo hilo kila Krismasi), kisha nikajiandikisha katika chuo kimoja cha Nairobi kilichotufundisha jioni kwa mtandao na kutuita darasani wiki moja kila muhula.

Wenzangu wengi walitoka katika mabenki na kampuni za simu. Siku ya kujitambulisha niliposema kazi yangu, mmoja wao aliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba safari hii tumeletewa hadi karani wa stoo. Aliufuta ujumbe huo dakika hiyo hiyo, lakini nilikuwa nimeshausoma, na nakiri kwamba nusu ya bidii yangu ya mwaka wa kwanza ilitokana na maneno hayo yaliyofutwa. Sijayasahau, na wala sijajaribu kuyasahau.

Mwaka wa kwanza wenyewe nitauruka. Takwimu, hifadhidata, R na Python (lugha za kuandikia programu za kompyuta), mbinu za utabiri, mitihani, stima kupotea dakika kumi kabla ya muda wa kuwasilisha kazi: atakayeyapitia atayajua. Jambo moja tu lilinituliza moyo. Lile jaribio la t linalotisha wanafunzi wengi, hesabu ya kupima kama tofauti kati ya vipimo vichache ni ya kweli au ya bahati tu, lilichapishwa mwaka 1908 na William Gosset, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Alihitaji kujua ni kiasi gani angeweza kuamini vipimo vichache vya shayiri na bia, na akaandika kwa jina la kupanga, yaani Student, kwa kuwa mwajiri wake hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Nilipolisoma hilo nilijiambia kwamba basi hata mimi, mtu wa unga na sabuni, nina haki ya kukaa katika darasa hili.

Aibu niliyoitaja ilianzia kwenye tasnifu. Nilichagua swali ambalo mwajiri wangu aliliuliza kila mwisho wa mwezi huku akigongagonga kalamu mezani: ni nani kati ya wateja wetu atakayechelewa kulipa? Nikapata idhini yake kwa maandishi, nikapata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nikabadilisha majina ya wateja kuwa nambari ili nisivunje Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Nilitumia mbinu ya kompyuta inayokuza mamia ya miti ya maamuzi, yaani misururu ya maswali ya ndiyo au hapana, na kuipigisha kura. Matokeo yalipotoka, modeli yangu, yaani kanuni ya kutabiri ambayo kompyuta ilijifunza kutokana na data, ilikuwa sahihi mara 97 katika kila ankara 100. Niliipiga picha skrini ile. Nilimtumia mume wangu, nikamtumia mama mkwe, na Mungu anisamehe, niliiweka katika kikundi chetu cha darasa ili yule ndugu aliyeniita karani wa stoo aione.

Siku ya kuitetea tasnifu nilivaa suti mpya ya buluu. Nilizungumza vizuri, tena bila kusoma. Mtahini wa nje, mzee mmoja mpole ambaye hakuwa amesema neno kwa dakika arobaini, aliniomba nirudi kwenye slaidi iliyoonyesha ni taarifa zipi zilizoisaidia modeli zaidi. Ya kwanza kabisa, ikiwa imeziacha nyingine mbali, ilikuwa idadi ya simu za ukumbusho.

“Binti yangu,” akauliza, “mteja wenu hupigiwa simu hii lini?”

“Akishachelewa kulipa, Profesa,” nikamjibu upesi, na kabla sijaifunga midomo nilikuwa nimeelewa nilichokisema. Feni ya dari ililia kama baiskeli isiyotiwa mafuta. Msimamizi wangu, ambaye alikuwa ametia sahihi kila sura, aliinamia simu yake.

“Basi,” akasema yule mzee bila ukali wowote, “modeli yako inatabiri jana.”

Nitaeleza kosa lenyewe, kwa sababu nimeona watu wenye vyeo wakilirudia. Modeli ya kutabiri inapaswa kupewa taarifa zile tu zinazojulikana wakati wa kufanya uamuzi, na uamuzi wetu ulifanyika lori linapopakiwa, kabla mteja hajachelewa wala kuwahi. Simu za ukumbusho huja baadaye, zikiwa ni matokeo ya kuchelewa. Kumpa mashine taarifa hiyo ni kama kumpa mwanafunzi majibu pamoja na maswali, kisha kumsifu kwa kupasi. Nilipoiondoa safu hiyo ya simu kwenye jedwali la data usiku ule, nikiwa bado na suti yangu, usahihi ulishuka kutoka 97 hadi 79. Kilichoniumiza zaidi nilikigundua alfajiri: katika kila ankara 100 za duka letu, 82 zililipwa kwa wakati. Mtu asiyejua lolote, anayesema tu kwamba kila mteja atalipa kwa wakati, angekuwa sahihi mara 82. Nilikuwa nimetumia miezi minane na pesa za sacco kujenga kitu kilichoshindwa na mtu anayebahatisha akiwa amefumba macho.

Nilipewa miezi sita nirekebishe. Wiki ya kwanza nililia, na sioni haja ya kuificha. Wiki ya pili niliomba likizo, nikapanda lori la Bondo nikakaa katikati ya dereva na muuzaji wetu, nikiwa na daftari la mistari magotini.

Nawaambieni kwa dhati kwamba siku zile nne za vumbi zilinifundisha kuliko muhula wowote. Tulifika duka moja siku ya Ijumaa, na mama mwenye duka akamhesabia muuzaji wetu noti huku akinung'unika kwamba alikuwa nazo tayari tangu Jumatano, siku yake ya kulipa, lakini hakupita mtu wa kuzichukua. Nikachukua daftari nikaandika. Lori la njia ile lilipita Jumanne na Ijumaa tu, na fedha ziliingizwa kwenye kompyuta siku muuzaji alipozikabidhi ofisini. Yaani tarehe ya malipo, ambayo nilikuwa nimeiingiza kwa mikono yangu miaka sita, haikuwa tarehe ya malipo hata kidogo. Ilikuwa tarehe ya lori. Wateja waliokuwa wakilipa kwa M-Pesa ndio walionithibitishia, kwa maana M-Pesa huandika saa na dakika, na muuzaji hana namna ya kuichelewesha. Nilipolinganisha njia moja na nyingine na kurekebisha tarehe, zile ankara 18 zilizochelewa katika kila 100 zikabaki 11. Saba zilikuwa za watu waaminifu waliochelewa kufikiwa.

Kulikuwa na mengine. Mteja mmoja alikuwa kwenye vitabu vyetu mara tatu, kwa jina la mumewe, kwa jina la duka, na kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama tunavyoitana huku. Dereva, mzee ambaye hajawahi kushika kompyuta, aliniambia tukiwa tumekwama nyuma ya trekta la miwa kwamba Januari shule zinapofunguliwa hata mteja bora hukawia, kwa kuwa pesa ya duka hugeuka karo, na kwamba mahindi mapya yakiingia Julai na Agosti nisishangae unga ukidorora. Yote mawili yalikuwemo katika data yangu tangu mwanzo. Sikuwa nimeyauliza.

Mara ya pili nilitetea kazi nyepesi mno: rigresheni ya lojistiki, mbinu ya zamani ya kukadiria uwezekano wa jambo kutokea, ambayo wenzangu waliicheka, yenye safu nne tu. Iliwatambua mapema karibu wachelewaji sita katika kila kumi. Ukiiweka kando ya 97 inaonekana duni, lakini sita hao walikuwa wa kweli, na yule mzee alisimama akanipa mkono. Ndiyo, najivunia. Nadhani nimelipia haki hiyo.

Je, inalipa? Mwajiri wangu alipokea orodha yangu, akaiweka chini ya kioo cha meza yake na kuanza kuitumia kila Jumatatu. Miezi miwili baadaye akaunda cheo cha mchanganuzi wa data, akampa kijana aliyekuwa na cheti cha wiki sita na undugu naye. Mimi niliombwa nimwelekeze. Nilimwelekeza kwa mwezi mmoja, kwa uungwana, kisha nikaandika barua ya kuacha kazi. Leo niko katika kampuni ya kusambaza dawa, papa hapa Kisumu, mshahara umepanda, na mkopo nitaumaliza Machi ijayo. Kwa hiyo inalipa, ila si kwa wakati unaoutarajia, na si lazima ulipwe na yule uliyemsomea.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi vijana mnaoniandikia mkiuliza ni chuo kipi chenye jina na ni programu ipi inayotafutwa sokoni. R na Python ni za bure. Unaweza kuzipakua usiku wa leo. Huhitaji mkopo ili ujifunze kuandika mistari ya msimbo, na ukiuchukua kwa ajili hiyo umeibiwa. Darasa linachokupa ni mtu wa kukuuliza swali la simu ya ukumbusho. Ili uulizwe, ni lazima uwe na data ambayo unajua ilivyozaliwa: nani aliiandika, siku gani, akiwa na haraka gani. Wengi wetu tunafanya mazoezi kwa data iliyopakuliwa mtandaoni, iliyosafishwa na watu tusiowajua, kisha tunashangaa kazini ikitushinda. Ijue data yako. Narudia, ijue data yako, na usione haya kupanda lori kuifuata.

Wala msidharau vitu vidogo. Mara ya kwanza nilipofungua mauzo ya miaka mitatu katika Excel, nilipuuza ilani iliyotokea kwenye skrini, na kwa siku mbili nilichanganua jedwali ambalo halikuwa na Novemba wala Desemba, kwa sababu laha moja ya Excel hubeba mistari 1,048,576 na si zaidi. Msinicheke. Mwaka 2020 huko Uingereza karibu visa 16,000 vya korona viliachwa nje ya hesabu ya taifa kwa siku kadhaa, kwa kuwa faili za Excel za mtindo wa zamani zilikuwa zimejaa na hakuna aliyegundua. Wale walikuwa na shahada kubwa kuliko zetu.

Na kazi usiiache. Nawajua wawili wa darasa letu walioacha kazi ili wasome kwa utulivu, na wote wawili walifika kwenye tasnifu bila swali wala data, wakaishia kuomba ya watu. Yule aliyeniita karani wa stoo alikuwa mmoja wao. Aliniandikia Februari akiuliza kama duka letu lingemkubalia atumie ankara zake. Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi si karani tena wa duka hilo.

Kwa dada wa Nakuru: kuhusu mkopo, nimekuomba jambo moja kabla sijakushauri kiasi. Nimekuomba uniandikie swali moja ambalo bosi wako huliuliza kila mwezi na hapati jibu, na kando yake uniambie mbolea inayouzwa Jumamosi jioni huandikwa vitabuni siku gani. Leo ni Jumapili na hujajibu. Nasubiri.