Kabla ya Kung'oa Usukani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Honi za Magari ya Kale

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1968 niliyoachiwa na marehemu baba, na ningependa siku moja kuipeleka kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Injini imekwisha kutengenezwa na rangi imepigwa upya, lakini honi hailii ninapoibonyeza. La kushangaza ni kwamba wakati mwingine hulia yenyewe ninapokata kona kali, na dereva mmoja wa matatu aliwahi kunifokea kwenye mzunguko wa Globe akidhani ninamtukana. Fundi wa kwanza, karibu na Kirinyaga Road, anasema ni lazima usukani ung'olewe kwa nyundo. Wa pili anashauri niachane na usukani, nitoboe dashibodi na kufunga swichi ya kengele ya mlango. Nimsikilize yupi? (Msomaji, Buruburu)

JIBU: Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Huenda usukani wako hauna kosa lolote, na hata ukiwa nalo, kuufungua ni hatua ya mwisho baada ya vipimo viwili vitatu ambavyo havihitaji zaidi ya kipande cha waya na taa ya kupimia.

Umeme wa honi katika gari hili husafiri kinyume na watu wengi wanavyodhani. Swichi ya taa ya nyumbani hukata waya unaoleta umeme, lakini kitufe cha honi cha Volkswagen hakiguswi na waya unaotoka kwenye fyuzi. Ufunguo unapowashwa, umeme hufika kwenye honi moja kwa moja na kukaa hapo, kwa kuwa hauna njia ya kurudi kwenye betri. Njia hiyo huanzia kwenye waya wa kahawia unaotoka upande wa pili wa honi na kupanda hadi katikati ya usukani. Unapobonyeza kitufe, waya huo hugusishwa na chuma cha shafti ya usukani, yaani mhimili unaozunguka pamoja na usukani, umeme ukateremka na shafti hadi kwenye bodi ya gari, na honi ikalia.

Sasa angalia mahali ambapo mafundi wengi hukosea. Shafti hiyo haigusani na bodi moja kwa moja. Kule chini, inapokutana na boksi ya usukani (ile inayogeuza magurudumu), kuna kiungo cha mpira kilichowekwa ili mitikisiko ya barabara isifike mikononi mwa dereva, na mpira haupitishi umeme. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliweka kiunganishi kidogo cha chuma kinachouvuka mpira huo na kuunganisha shafti na boksi. Kiunganishi hicho kikikatika, kikilegea au kikiliwa na kutu, honi hunyamaza hata kama kitufe, waya na honi yenyewe ni vizima kabisa. Gari lenye umri wa zaidi ya nusu karne, ambalo limepita katika matope ya Nairobi misimu mingi ya mvua, lina kila sababu ya kuwa na kutu mahali hapo. Kama kiungo cha mpira kiliwahi kubadilishwa, uwezekano ni mkubwa zaidi, kwa sababu aliyekibadilisha anaweza kuwa alikiona kile kipande cha chuma kama takataka na kukitupa.

Dalili zako mbili zinanifanya nishuku sehemu hiyohiyo. Honi kutolia inapobonyezwa kunaonyesha kwamba njia ya kurudi imekatika. Kulia yenyewe kwenye kona kunaonyesha kwamba waya wa kahawia umechubuka na hugusa chuma cha bodi shafti inapozunguka. Makosa haya mawili yanaweza kutokea pamoja karibu na kile kiungo, mahali ambapo waya hupinda na chuma huzunguka, na hakuna hata moja kati yake linalohitaji usukani uguswe.

Anza kwenye honi yenyewe, ambayo utaikuta mbele ya gari, chini ya madigadi. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Chukua kipande cha waya, gusisha ncha moja kwenye sehemu ya honi inayopokea waya wa kahawia, na ncha nyingine kwenye chuma safi cha bodi kisicho na rangi wala kutu. Honi ikilia, basi honi ni nzima, fyuzi ni nzima, na waya unaoleta umeme ni mzima, kwa hiyo kosa liko kati ya hapo na kitufe. Isipolia, weka taa ya kupimia kwenye upande mwingine wa honi: taa ikiwaka, umeme unafika na honi ndiyo iliyochoka, isipowaka, rudi kwenye fyuzi. Fyuzi za magari haya ni vipande vidogo vya kauri vyenye ukanda wa chuma nje, vyeupe vikiwa vya ampea 8 na vyekundu vya ampea 16, na mara nyingi fyuzi haijaungua bali imeshika kutu nyeupe kwenye ncha zake. Izungushe kwa vidole, au itoe uisafishe kwa karatasi laini ya msasa, kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ikiwa honi imelia katika kipimo hicho cha kwanza, ingia chini ya gari mpaka kwenye kiungo cha mpira. Mtu akiwa amebonyeza kitufe ndani ya gari, wewe unganisha kwa muda shafti iliyo juu ya mpira na boksi iliyo chini yake kwa kutumia waya. Honi ikilia, tafuta au tengeneza kiunganishi kipya, ukwangue mahali kinapokaa, na kazi imekwisha. Hakikisha gari limewekwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, hata kama kazi ni ya dakika mbili.

Ni baada ya hayo yote kushindikana ndipo ufikirie kufungua usukani. Kwanza toa waya wa upande hasi wa betri. Katika Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, na hapa niseme jambo lisilohusu honi lakini linaloweza kuokoa gari zima: hakikisha nguzo za betri zina kifuniko, kwa maana springi za kiti zikibonyea na kuzigusa huweza kuwasha moto. Halafu elekeza magurudumu ya mbele yatazame mbele sawasawa na uweke indiketa katikati. Kifuniko cha katikati cha usukani huchomolewa kwa mikono au kwa ubao mwembamba, si kwa bisibisi inayoacha alama. Nyuma yake utaona waya wa honi, uchomoe. Kisha utaona nati kubwa, ambayo kwa kawaida ni ya milimita 27.

Kabla ya kulegeza nati hiyo, piga alama ndogo kwenye ncha ya shafti na nyingine inayolingana nayo kwenye usukani. Usukani hukaa juu ya meno madogo, na ukirudishwa ukiwa umeruka jino moja utaendesha gari ukiwa umeupinda kila siku. Mtu wa pili aushike usukani imara wakati unalegeza nati. Usiutegemeze kwenye kufuli ya usukani, kwa sababu pini ya kufuli haikutengenezwa kubeba nguvu ya spana ndefu. Nati ikishalegea, usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi mbili tatu, ndipo uuvute usukani kwa kuutikisa pande zote. Watu wengi huipuuza hatua hii hadi siku usukani unapoachia ghafla na kuwapiga puani.

Kuhusu nyundo, jibu langu ni hapana. Kuipiga ncha ya shafti huharibu nyuzi zake, hupeleka pigo kwenye beringi, na katika magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kuna hatari kubwa zaidi, kwa kuwa nguzo ya usukani iliundwa ili ijikunje wakati wa ajali isimchome dereva kifuani. Sheria za Marekani zilianza kudai ulinzi huo kwa magari mapya mwaka 1968, na viwanda vilivyouza huko vilibadilisha miundo yao. Nguzo iliyogongwa kwa nyundo inaweza kuwa imeanza kujikunja kabla ya ajali yoyote. Kwa kawaida usukani wa Volkswagen hutoka kwa mikono. Ukigoma, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, uuache usiku kucha, kisha utumie kifaa cha kuvutia ambacho mafundi wa beringi huwa nacho. Hushika usukani kwa kucha zake na kuisukuma shafti kwa bolti ya katikati bila pigo lolote.

Usukani ukishatoka, sehemu ya kutazama ni ndogo kuliko unavyotarajia: vipande vya shaba vinavyogusana, springi, na vikombe vya plastiki vinavyozuia visigusane kabla ya kubonyezwa. Vipande vya shaba visugue taratibu kwa msasa laini mpaka ving'ae. Plastiki iliyopasuka ibadilishe, usiizungushie tepu. Chunguza waya kwa urefu wote unaoweza kuuona. Wakati wa kurudisha, hakikisha tena kwamba indiketa iko katikati, la sivyo ulimi unaoizima baada ya kona utavunjika, na hapo utakuwa umetengeneza honi na kuharibu indiketa. Nati hukazwa kwa takriban nyutoni mita 50. Kitabu cha mwongozo cha gari lako kikitaja kingine, fuata kitabu.

Na ile swichi ya kengele ya mlango? Itafanya kazi, sikatai. Kanuni za Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinataka gari liwe na chombo cha kutoa onyo kwa sauti, na hazijali sana kitufe kiko wapi. Hata hivyo, tundu kwenye dashibodi ya chuma halizibiki bila kuonekana, na mtu aliyegharimia rangi mpya kwa ajili ya Ngong Racecourse hapaswi kulitoboa kwa sababu ya kipande cha chuma kilichokatika chini ya gari.

SWALI: Nina Mercedes-Benz 300 SE ya mwaka 1989. Honi yake inalia, lakini sauti ni hafifu kama ya pikipiki. Nataka kufungua usukani mwenyewe mwishoni mwa wiki ili nisafishe kitufe. Je, nahitaji vifaa gani? (Msomaji, South C)

JIBU: Tafadhali usiufungue. Mercedes-Benz ilianza kuweka mfuko wa hewa wa dereva katika magari ya S-Class ya kizazi cha gari lako mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ingawa si kila gari la kizazi hicho lilikuwa nao, ukiona herufi SRS au neno AIRBAG katikati ya usukani, ujue kwamba mbele ya uso wako kuna kifaa kinacholipuka. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa kuizima mifumo hiyo. Gari kuwa la zamani hakumaanishi kwamba halina mfuko huo, na watu wengi hapa Nairobi hukosea katika hesabu hiyo.

Isitoshe, kitufe chako si mgonjwa. Kitufe kibovu mara nyingi hukata sauti au kuifanya ikatike-katike, lakini sauti inayotoka kila mara ikiwa hafifu huanzia mbele ya gari. Gari hili lina honi mbili, ya sauti nene na ya sauti nyembamba, na inawezekana kabisa moja imekufa. Mtu asimame mbele wakati unabonyeza, azishike moja baada ya nyingine kwa mkono, naye atahisi ipi haitetemeki. Kama zote zinatetemeka, pima volti kwenye honi wakati inalia. Ikiwa chini sana kuliko ya betri, waya wake umeshika kutu mahali fulani.

SWALI: Kwenye Volkswagen yangu ya mwaka 1972 nimefunga honi mbili kubwa za dukani. Kila baada ya muda fyuzi inaungua, na sasa vipande vya shaba vya kitufe vimekuwa vyeusi. Nibadilishe kitufe? (Msomaji, Ruiru)

JIBU: Ukikibadilisha bila kubadilisha kitu kingine, kipya nacho kitaungua. Gari lako halikuwekewa relei ya honi (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) kiwandani, kwa hiyo umeme wote wa honi hupita kwenye kitufe. Honi moja ya kiwanda hula ampea chache tu, lakini mbili kubwa kwa pamoja zinaweza kuizidi fyuzi ya ampea 8, na usijaribiwe kuweka fyuzi kubwa zaidi, kwa sababu kitakachoungua baada ya hapo ni waya.

Funga relei ya kawaida ya volti 12, ile yenye namba 30, 85, 86 na 87. Peleka waya mnene kutoka betri, ukipitia fyuzi yake yenyewe, hadi namba 30, na kutoka namba 87 hadi honi zote mbili, ambazo upande wao wa pili sasa uunganishwe moja kwa moja na bodi. Waya wa zamani ulioleta umeme kwenye honi uende namba 86, na waya wa kahawia unaotoka kwenye usukani uende namba 85. Kitufe kitabaki kubeba umeme mdogo wa relei pekee, na hakuna waya wa kiwandani utakaokuwa umekatwa iwapo siku moja utataka kuirudisha honi ya awali.