Nyumba imeteketea, bima wanataka nisaini haraka

SWALI: Shangazi shikamoo. Moto wa msituni ulitupitia wiki sita zilizopita, nyumba imekwisha yote, tulitoka na nguo za mwilini na paka. Sasa tumejibanza kwa dada yangu, chumba kimoja watu wanne. Bima wameleta karatasi, hela ni ndogo kuliko nilivyotegemea ila wanasema nikisaini wananiingizia wiki hii hii. Halafu majirani wanasema moto ulianzia kwenye nyaya za umeme na kuna wakili anaandikisha watu. Mume wangu anasema tusaini tu yaishe. Nishike lipi?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na paka naye.

Leo usisaini. Hiyo karatasi mpe mtu ambaye akili yake imetulia aisome, atafute kama kuna mahali inasema hutadai tena. Ikiwepo, basi ukisaini umejifungia mlango. Kama ni malipo ya awali tu hela chukua, mna shida nayo, ila waandikie kwamba umepokea sehemu na madai yanaendelea.

Halafu msichanganye bima na fidia. Bima inakulipa kwa sababu ulikuwa unailipia, hata moto ungewashwa na radi. Fidia inatoka kwa mwenye kosa, na kosa lithibitishwe kwanza. Kule Paradise, California, Novemba 2018, chanzo kilikuwa ndoano moja ya chuma kwenye mnara wa umeme, ina karibu miaka 100, imesagika taratibu mpaka ikakatika waya ukaanguka. Watu 85 wakafa na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Kampuni ya umeme, PG&E, ikaomba kinga ya kufilisika, ikakubali fidia ya dola bilioni 13.5 kwa moto huo na mingine iliyousababisha, na 2020 ikakiri makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Sasa sikia, nusu ya hizo bilioni ilikuwa hisa za kampuni hiyo hiyo iliyowaunguza, na watu walisubiri miaka. Kwa hiyo jiandikishe, madai yana muda wake wa mwisho, ila usikope kwa kutegemea hizo hela. Wakili muulize anachukua asilimia ngapi na mkishindwa gharama analipa nani. Akikuharakisha na yeye, mkimbie.

Bima waulize pia kama mkataba wako unalipia gharama za kuishi kwingine, mikataba mingi inayo hiyo na watu hawaidai, wanabanana kwa ndugu kama nyie. Na waulize vitu wanavilipa kwa bei ya kununua kipya au kwa bei ya kitu kilichochakaa, maana hapo ndipo hela nyingi zinapopotelea. Kama nyumba ilikuwa ya mkopo pigia benki leo, mkopo hauungui.

Kwenye kiwanja piga picha kabla hawajaleta mashine ya kusafisha, na majivu msiyachokoe bila barakoa, mnaweza kukuta sumu humo, asbesto ya vifaa vya ujenzi na madini ya risasi.

Kazi kubwa ni orodha ya vitu. Usiandike "vyombo vya jikoni". Funga macho, fungua droo ya kwanza, andika visu vingapi, miko, kopo la viungo, ile chaja iliyokuwa haina kwao. Mapazia, mashuka, dawa, miwani, watu huvisahau. Ndugu waombe picha za sherehe walizopiga kwenu, sio kwa ajili ya sura zenu, angalieni nyuma, utaona TV, kochi, saa ya ukutani.

Mume wako amechoka kama wewe, usimgombeze. Mpe karatasi yake aandike peke yake na wewe yako, usiku mlinganishe. Ya stoo atayakumbuka yeye, na chumba cha watoto waulizeni wenyewe.