Dainosa, mjusi wa Lindi na hatua 150 za Kibirizi

Kitabu nilikikuta kwenye meza ya mitumba pale Mwanga, hapa Kigoma, jalada limeraruka kona moja. Ndani picha tupu za rangi: watoto wawili wanaingia pangoni na kutokea upande wa pili, kwenye dunia ya dainosa. Kiko kwa Kiingereza, na Kiingereza cha binti yangu wa miaka saba kinaishia kwenye salamu. Nikakinunua hivyo hivyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafsiri. Nasoma mstari, nasimama natafuta neno, na yeye keshafunua kurasa tatu mbele. Usiku wa tatu nikachoka, nikamwambia, "Haya, nisomee wewe." Akanisomea picha. Aliniambia dainosa mrefu ana majani mdomoni, kwa hiyo hana shida na watu. Akaniambia pia yule mtoto wa kiume kapoteza kiatu kimoja tangu mwanzo na hakuna anayemtafutia. Nilirudi kwenye maneno: habari ya kiatu haimo kabisa. Kwa hiyo kama una kitabu cha lugha usiyoimudu, mzazi mwenzangu, kiweke mikononi mwa mtoto kwanza. Maneno yatakuja baadaye.

Tatizo lilikuja tulipofika ukurasa ambao watu wa kale, wamevaa ngozi, wanakimbizwa na dainosa. Akauliza, "Baba, bibi aliwahi kumwona huyu?" Nikasema hapana, ni zamani sana. "Zamani za bibi, au zamani za babu yake bibi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba "zamani sana" si jibu. Kwa mtoto, mkoloni, Nabii Nuhu na dainosa wote wanakaa mtaa mmoja.

Jumamosi tukashuka ufukweni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Kanuni ilikuwa rahisi: hatua moja yangu ni miaka milioni moja. Tukasimama kando ya boti zinazokwenda Gombe, pale pakawa leo. Hatua ya pili haijakamilika tukalikuta fuvu la Zinjanthropus, mmoja wa watu wa kale, lile ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959. Kabla ya hatua ya nne, nyayo za watu wa kale kule Laetoli. Kwenye hatua ya kumi hivi nikamwonyesha maji: hapa ndipo ziwa hili lilipokuwa linaanza kuzaliwa. Akalitazama ziwa kama mtu aliyedanganywa. Alidhani lilikuwepo siku zote.

Tukaendelea, tunahesabu kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa kwenye kichanja akaniuliza, "Shemeji, mnapima kiwanja?" Hatua ya 66, dainosa wakubwa wanatoweka. Nikamgeuza binti yangu atazame tulikotoka: boti zimekuwa ndogo, na watu wote wa kale tumewaacha kulekule karibu na boti. "Kwa hiyo kitabu kinadanganya," akasema. Nikamwambia mchoraji alitaka mbio, na mbio zinahitaji wawili. Sijui kama jibu hilo linatosha, lakini sikutaka akichukie kitabu.

Hatua ya 150 ilituangusha mbali, jasho linatiririka, na huko ndiko alikokuwa dainosa wetu, yule mjusi wa Tendaguru, Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba huko, lakini wenye majembe walikuwa mamia ya watu wa kusini, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Kwa mtoto wa Kigoma kuna njia nyepesi ya kumwelewesha safari hiyo. Mwonyeshe Liemba. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa. Miaka ileile makasha ya mifupa yalikuwa yanakwenda kwao. Binti yangu alifikiri kidogo akauliza kama makasha yalipishana njiani. Mimi mwenyewe sijaacha kulifikiria swali hilo.

Vitabu vya namna hii mara nyingi mvumbuzi wake ni mzungu mwenye kofia. Usigombane na kitabu, ongeza majina. Mwambie kwamba bonde la Rukwa, kusini mwetu, limetoa dainosa anayeitwa Shingopana, aliyepewa jina 2017, na mwingine aliyefuata 2019, Mnyamawamtuka, yaani mnyama wa mto Mtuka. Jina lake la pili ni moyowamkia, kwa sababu mifupa ya mkia ina umbo la moyo. Hayo ndiyo majina yao ya kisayansi, na profesa wa Japani hana budi kuyatamka hivyo hivyo. Binti yangu alicheka mpaka akapaliwa.

Na kuvumbua si kuchimba tu. Mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alikaa kimya Gombe akamwona sokwe akivua mchwa kwa jani la nyasi. Hili halikuhitaji jembe, ila kutulia, jambo ambalo nyumbani kwangu ni adimu kuliko mifupa.

Siku hizi kila tukipita Kibirizi yule mama wa dagaa anamwita: "Wewe mtoto, leo tuko hatua ya ngapi?" Naye anajibu, "Sifuri, mama. Leo bado ni sifuri."