Kirungu Kibaki Nyuma ya Pazia

Ukiandika igizo kuhusu ukatili wa polisi, usianze na kipigo. Nimeongoza maigizo ya aina hii katika kumbi za mitaani Nairobi, na mwigizaji akiinua kirungu tu, watoto wa viti vya mbele huangua kicheko. Wamezoea vichekesho vya runinga: afande mwenye kitambi, mshukiwa anakimbizwa. Wakishacheka hapo, kuwarudisha ni kazi.

Nguvu ya afande iko kaunta. Weka meza, kalamu na kitabu cha OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi. Mama amekuja kumtafuta mwanawe aliyekamatwa jana usiku. Afande hamtukani. Anafungua OB, anashusha kidole mstari kwa mstari, kisha: "Mama, huyo hayuko hapa." Wakati huo hadhira imeshamsikia kijana akikohoa ndani ya seli. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini ambaye jina lake halikuandikwa, kwenye karatasi saa zake hazijaanza. Mwache mama aulize tena na tena, kila mara kwa heshima zaidi: "Naomba uangalie tena, afande." Halafu simu ilie, na afande huyohuyo asimame wima, "Sawa mkubwa, sawa mkubwa." Usituambie mkubwa ni nani.

Sare halisi msiazime popote. Kuivaa bila idhini kunaweza kuwaletea kesi. Shati la buluu lililopigwa pasi na mkanda mweusi vinatosha.

Kijana aliyewahi kupigwa kweli asipewe nafasi ya mpigwaji kabla hamjaongea faragha, hata kama amejitolea. Wengi huomba kuigiza afande. Mimi huwapa, na wanaijua kazi hiyo kupita kiasi.

Kibali cha kuonyesha igizo kiwe cha maandishi, ingawa wanafunzi wa shule ya Butere Girls walikuwa na amri ya mahakama ya kuwaruhusu kuigiza Aprili 2025, na bado vitoa machozi vilirushwa kwenye tamasha la maigizo Nakuru.

Tenga muda mrefu wa mjadala. Lazima mtu atasimama ataje kituo na afande wake. Mpokonye kipaza sauti kwa upole, simu zinazorekodi zizimwe, na mtu wenu aketi naye kando kuandika tarehe, mahali, namba ya OB kama ipo, na karatasi za hospitali. Hayo ndiyo atakayoulizwa akienda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, na malalamishi yanaweza kupelekwa hata na jamaa yake.