Semina ya siku mbili haimtoshi mwenyekiti mpya

Dada, umeuliza kama semina ya siku mbili inawatosha wenyeviti wa vijiji waliochaguliwa Novemba 2024. Kwa nilivyoona huku Mufindi, mkoani Iringa, haitoshi. Watu wanasinzia, wanasaini posho, kabrasha linaishia kabatini.

Kaa na mmoja mmoja, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu. Mimi nilikaa na mmoja asubuhi, baridi kali, jiko la mkaa katikati yetu. Nikamwambia anisomee mapato na matumizi, mimi nikiwa mwanakijiji mkorofi. Alipofika kwenye fedha za miti ya kijiji akameza mate: "Hapa wataniuliza." Nikamuuliza: "Utawajibu nini?" Sikumsaidia, ingawa ulimi uliniwasha. Akanyamaza weee, mwisho akampigia mtendaji wa kijiji wakapitie stakabadhi pamoja.

Na huyo mtendaji usimwache nje. Mwenyekiti kachaguliwa, mtendaji kaajiriwa, na ugomvi mwingi niliouona unaanzia hapo: nani anashika mhuri, nani anaitisha kikao. Waweke meza moja japo mara mbili.